Kidonge Kilichochoka

Kazi yangu ilikuwa kutazama damu za watu. Nilikaa mbele ya hadubini katika chumba cha maabara mjini Moroni, dirisha likielekea ukuta wa jirani, na tangu asubuhi mpaka adhuhuri nilitazama vioo: tone la damu limepakwa juu ya kipande cha kioo, limetiwa rangi, nami natafuta vimelea vya malaria ndani yake. Nikiviona naandika vipo. Nisipoviona siandiki havipo, naandika sikuviona. Daktari aliyenifundisha kazi hii huko Majunga alinizaba kofi la kisogo siku niliyoandika "hakuna". Akaniambia, wewe ni nani hata ujue hakuna? Sema hukuona. Nimeishi na kofi lile mpaka leo, na kama lingekuwa la kunisaidia lingekuwa limeshanisaidia.

Majunga iko Bukini, kisiwa kikubwa ng'ambo ya Komoro. Mimi na dada yangu mdogo tulizaliwa huko, kwa wazazi Wangazija, ila mama alikuwa amekulia Unguja na nyumbani mwake hakutaka kusikia lugha isiyokuwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika hivi, na ndiyo maana mimi na dada, hata tulipohamia visiwani ambako Kingazija ni kimoja na Kinzwani ni kingine, tuliendelea kusema kama tulivyosema jikoni kwa mama. Mwaka wa sabini na saba, baada ya mauaji ya Wakomoro kule Majunga, tulipakiwa kwenye ndege pamoja na maelfu ya wenzetu tukaletwa Komoro, nchi tuliyoambiwa ni yetu. Wenyeji wakatuita kwa jina la kampuni ya ile ndege. Dada akaolewa na kuli wa bandari ya Mutsamudu, kisiwa cha pili, Mnzwani aliyetoka Majunga kama sisi, akahamia huko. Mimi nikabaki Moroni na hadubini yangu.

Kila baada ya miezi mitatu nilipanda meli kwenda Mutsamudu kukusanya vioo vya hospitali ya kule, nikalala kwa dada. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika. Mtoto huyo alikuwa mdadisi wa kuchosha. Aliniuliza kwa nini damu ni nyekundu na mkojo si mwekundu, na kwa nini mbu anayetuletea homa haugui homa yeye. Nikimjibu sijui, alifurahi mno. Alikimbia uchochoroni kuwatangazia wenzake kwamba mjomba wake anafanya kazi hospitali na hajui. Sikuwahi kupata msikilizaji mwingine wa namna ile.

Mwaka mmoja baada ya sisi kufika wakaja mamluki. Waliingia kwa njia ya bahari, na kulipokucha serikali ilikuwa nyingine, na wazungu wale wakawa ndio walinzi wa rais. Kambi yao ilikuwa njiani baina ya Itsandra, nilikopanga chumba, na Moroni, kwa hiyo niliipita asubuhi na jioni nikiwa nimetazama vidole vya miguu yangu. Sitaki kuandika juu yao. Walipenda sana kuandikwa. Nitasema jambo moja tu, kwamba walituharibia neno labda. Fulani yuko wapi, mbona dukani haonekani? Labda amesafiri. Ile gari ya askari ilisimama kwa nani? Labda kwa jirani. Kila mtu alijua, na kila aliyejua alisema labda, mpaka ukilitamka mbele za watu wakakuona mwoga. Na mimi kazi yangu nzima ilikuwa kusema labda.

Miaka ya mwanzo ya themanini nikaanza kuona kitu. Mtu alikuja na homa, kioo chake kimejaa vimelea, akapewa vidonge vya klorokwini vya siku tatu, akarudi, na vimelea bado vimo. Si kwa wagonjwa wote. Narudia, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia: si kwa wote. Wengi walipona kama zamani. Wachache hawakupona, na hapo nyuma hao wachache hawakuwapo, au walikuwapo na sikuwaona. Nilimpelekea daktari mkuu vioo vyangu. Alikuwa mtu mnyamavu, akavitazama kutwa nzima, kisha akasema watu lazima waambiwe, ila waambiwe sawasawa.

Tukaketi kuandika. Tulitaka watu wajue kwamba kidonge bado kinaponya wengi, kwa hiyo mtoto akishikwa na homa apewe mara moja, asicheleweshwe hata siku. Tulitaka wajue pia kwamba kwa baadhi ya watu hakifanyi kazi kama zamani, na hatujui bado ni wangapi. Na tulitaka wajue la kufanya: homa isiposhuka ifikapo siku ya tatu, mgonjwa aletwe hospitali, kuna dawa nyingine. Hayo tu. Mtoto wa dada yangu angeyaelewa akiwa anaruka kamba. Tuliandika mara nne, na kila mara daktari alirudisha neno "baadhi" mahali nilipokuwa nimelisahau.

Nilikuwa na dakika kumi redioni kila wiki, juu ya mambo ya afya. Hakuna aliyenisikiliza. Sijinyenyekezi, ndivyo ilivyokuwa, na sababu yake kila Mngazija anaijua. Kule mwanamume hawi mtu mzima kwa sababu ya ndevu wala vyeti. Anakuwa mtu mzima akishafanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji mzima na kuvisha dhahabu, na baada ya hapo ndipo anaposimama kwenye bangwe, uwanja wa mji, akasema na watu wakanyamaza. Asiyefanya ni kijana, hata akiwa na wajukuu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimekuja na sanduku moja kutoka Bukini, sina ng'ombe wala ukoo wa kunichangia. Sauti yangu redioni ilikuwa ya kijana anayewaeleza wakubwa homa zao.

Mkurugenzi wa redio ndiye aliyetoa shauri. "Jambo hili ni zito," alisema. "Mpe mtu mzima alisome." Nikaona ni shauri la busara. Tena niseme kweli, nilifurahi. Nilifikiri, sasa watanisikia.

Tukampata mzee mmoja wa Moroni, mwenye heshima zake, mtu mwema kabisa. Alikuja maabara na joho lake na mkufu wa tasbihi mkononi. Nikampa kwezi, salamu ya heshima ya Kingazija, nikamkalisha mbele ya hadubini. Alitazama kwa jicho moja kwa muda mrefu. Nilimwonyesha damu ya mtu kabla ya vidonge na damu ya mtu yuleyule baada ya vidonge, na vimelea vimo. Alipoinua uso alikuwa na machozi. Nami nikafanya kosa la wapumbavu wote wa fani yangu: nilidhani mtu akishastaajabu ameshaelewa. Sikumwonyesha kioo hata kimoja cha mtu aliyepona.

Karatasi yetu aliisoma palepale, akaikunja. "Mwanangu," akasema, "karatasi hii imeandikwa na mtu anayetafuta mlango wa kutokea."

"Vipi, mzee?"

"Baadhi, huenda, hatujui bado. Nikisimama uwanjani nikasema hivi, watoto watanicheka. Mtu mzima akisimama anasema."

"Lakini ndivyo ilivyo, mzee. Hatujui bado."

"Basi kama hamjui mnaniita wa nini?" Alisema kwa upole, bila kunitukana, akaahidi atasoma vizuri.

Karatasi ilipelekwa kwanza kwa mtu wa walinzi, kama kila karatasi ya redio, ikarudi na muhuri. Siku ya kurekodi nilikuwa nje ya chumba cha sauti pamoja na fundi wa mitambo, kioo kimetutenga na mzee. Alianza kusoma kama tulivyoandika, sentensi mbili tatu, sauti yake imesinyaa. Kisha akaiweka karatasi chini. Akainua kichwa, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya uwanjani: "Enyi watu, kidonge cha homa kimechoka. Kimetupigania miaka mingi, sasa kimechoka. Kijana wetu wa hospitali amekiona kwa chombo chake, na mimi nimekiona kwa jicho langu. Homa ikikupata, usikitegemee. Nenda hospitali."

Fundi aliniinulia nyusi: nisimamishe? Nilitikisa kichwa. Nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa kila namna. Nimesema huwezi kumkatiza mtu mzima. Nimesema nilidhani ataifikia ile habari ya wengi wanaopona. Lakini kweli ni kwamba ilikuwa nzuri. Kwa mara ya kwanza habari yangu ilikuwa na nguvu, na sikutaka "baadhi" liingie kuiharibu.

Ilitangazwa alasiri ya Alhamisi, nami nilikuwa sokoni Volo Volo makusudi, nisikie watu wanavyosikia. Muuza kanga aliongeza sauti ya redio. Wauza mihogo wakanyamaza, muuza samaki akashika kisu hewani. Ilipokwisha kila mtu akasema kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vidonge kimoja kimoja, vimepangwa kati ya viberiti na sabuni, alivikusanya kwa kiganja akavitia mfukoni. Mwingine alijipiga magotini, akasema, kumbe ndiyo maana! Nilimsogelea yule mwenye vidonge nikamwambia si hivyo hasa, kidonge bado kinawafaa wengi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye yule kijana wa hospitali aliyetajwa."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akawaita wenzake waje wanione.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwa mzee, nikamwomba aende tena redioni akamalizie.

"Nimalizie nini?"

"Ile habari ya wengi. Kwamba wampe mtoto kidonge kwanza."

"Mwanangu, mimi nimelisha mji huu siku saba ili nipate kusimama pale. Unataka nisimame niseme nilikosea?"

"Sema hukumaliza, mzee."

"Mtu mzima humaliza," akasema, akaniagizia chai. Hakuwa na kiburi. Alikuwa akinieleza jinsi nyumba yake ilivyojengwa, na kwamba nikivuta tofali lile yote inakuja chini. Nilikunywa chai.

Redioni hali ilikuwa mbaya zaidi. Ofisa mmoja wa wale wazungu alikuwa ameshakuja, ameketi juu ya meza ya mkurugenzi, ameuliza kwa Kifaransa ni nani aliyeagiza watu waambiwe dawa ya serikali haifai. Mkurugenzi alipokuwa akinisimulia mikono yake ilikuwa bado inatafuta mahali pa kukaa. Nilimwambia, ndiyo sababu tusahihishe, hata mzungu atafurahi. "Malaria imekwisha," akanijibu. Alikuwa na maana ya mada. Wiki ile nilizungumza dakika kumi juu ya kupiga mswaki.

Daktari mkuu aliandika barua kwa wakubwa. Wakubwa hawakujibu. Mimi nilizunguka nikieleza mmojammoja, kwa wagonjwa waliofika maabara, na wengi waliitikia kwa adabu kama unavyomwitikia mtu anayejitetea. Kuna kitu sikukifanya. Sikumwandikia dada. Redio ilifika Mutsamudu, nilijua amesikia, lakini nilijiambia dada ananijua. Tumelelewa kwa sufuria moja. Atajua kaka yake hawezi kusema neno zima namna ile, bila "baadhi".

Wiki ya tatu ikafika zamu ya safari yangu. Meli ilipofunga gati Mutsamudu nilimwona shemeji yangu miongoni mwa makuli, nikampungia mkono, naye akatua gunia alilobeba akaja mbio. Akanipokea mkoba bila kunisalimu. "Mtoto ana homa," akasema. "Leo siku ya nne. Tunakusubiri wewe."

Nyumba yao ilikuwa ndani ya mji wa kale, chumba na ukumbi, unapita vichochoro ambavyo mabega yanagusa kuta zote mbili. Dada alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Alivyoniona alitabasamu. Hilo tabasamu ningemlipa mtu aniondolee kichwani.

"Nilijua utakuja," akasema. "Umekuja nayo dawa mpya?"

"Dawa mpya ipi?"

"Ya kushika nafasi ya ile iliyochoka."

Juu ya rafu, ndani ya kopo la maziwa, vilikuwamo vidonge nilivyomletea mwenyewe safari iliyopita. Havikuguswa. Alikuwa amempa maji ya mwarobaini na kumkanda kwa kitambaa.

"Mbona hukumpa hivi?"

Alinishangaa. "Si wewe uliyesema, kaka? Yule mzee alisema kijana wetu wa hospitali. Niliwaambia majirani wote, huyo ni kaka yangu."

Shemeji alimbeba mgongoni, tukakimbia naye hospitali. Walimtundikia dripu ya kwinini bila kuchelewa. Pale kila mtu alifanya lililompasa. Nilimtoboa kidole nipate damu yake. Siku zote alikuwa ananipa kidole mwenyewe, na kunisimamia nisije nikachagua kilekile cha mara iliyopita. Safari hii hakujua kama nimemtoboa. Degedege lilimpata alfajiri. Kabla ya adhuhuri akafariki, na alasiri tukamzika.

Nilikisoma kioo chake. Watu wamenilaumu kwa hilo, kwamba mtoto hajakauka udongo nami niko kwenye hadubini, lakini sikuwa na kitu kingine ninachokijua. Vimelea vilikuwa vingi mno. Kama vilikuwa vile vinavyokufa kwa klorokwini au vile vichache visivyokufa, kioo hakisemi. Hakiwezi kusema. Kwa jinsi nilivyoona kwa wagonjwa wengine, nilidhani vidonge vikitolewa siku ya kwanza vingemponya. Nilidhani tu. Nilikaa nacho mpaka mafuta ya hadubini yakakauka juu yake, nikitafuta kitu ambacho najua hakimo.

Siku ya tatu, hitima ikiwa imekwisha na watu wametawanyika, dada alinijia ukumbini. Alikuwa hajala. Macho yake yalikuwa makavu na sauti yake ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonitisha.

"Kaka, nakuomba neno moja. Usinieleze. Neno moja tu. Ningempa kidonge angepona?"

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa huenda, tena huenda kubwa, halafu sijui. Maisha yangu yote niliishi kwa jibu la namna hiyo. Nikamtazama mdogo wangu, mimba tatu na mtoto mmoja, nikasema: "Asingepona. Nimeona kwenye kioo."

Alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Akaja akaniegemea begani, akalia kwa mara ya kwanza, na baadaye akala wali kidogo. Nikajiambia, kama elimu haifai hata kwa hili, ya nini? Niliona nimefanya jambo jema, na sikuwahi kulala usingizi mzuri kama alasiri ile.

Meli haikuwepo mpaka wiki ya pili, kwa hiyo nilibaki pale. Wanawake walikuja kumpa pole dada, na nilimsikia kutoka chumba cha pili akiwasimulia. Mwanzoni sikusikiliza. Kisha nikasikiliza. "Hata ningempa kisingemsaidia," alikuwa akiwaambia. "Kaka yangu ameitazama damu yake mwenyewe, ameona." Alimwambia huyu, akamwambia yule, kila mara kwa sauti imara zaidi, na wao waliitikia kwa kugonga ulimi kwa huzuni. Mzee wa Moroni alikuwa amesema kidonge kimechoka. Dada yangu alikuwa na kaburi la kulithibitisha hilo, na ushahidi wa hadubini. Nilikaa chumbani nikitazama mikono yangu. Nilijua kila neno linakokwenda, nyumba kwa nyumba, na sikutoka.

Siku ya sita akaja mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, amembeba mwanawe wa miaka miwili hivi. Mtoto alikuwa amelegea, macho mekundu. Mimi nilikuwa mlangoni navaa viatu. Alimpa dada pole, halafu akasema mwanawe ameamka na homa, vidonge anavyo nyumbani, sasa afanyeje?

Dada hakusita. "Usimpe, bweni," akamwambia kwa jina la heshima la visiwani, kama mama mwenye nyumba anavyomwambia mwenzake. "Utampotezea muda. Mchemshie mwarobaini, akizidi mpeleke hospitali."

Yule mama akaitikia, akageuka kuondoka.

Nataka ieleweke kwamba nilipima. Ilikuwa nukta chache, lakini nilipima. Huku mtoto nisiyemjua jina, ambaye huenda angepona hata kwa mwarobaini, ambaye huenda asingepona hata kwa kidonge. Huku dada yangu.

"Mpe," nikasema. "Mpe sasa hivi. Umpe vya siku zote tatu, na homa isiposhuka umpeleke hospitali."

Mama alisimama katikati ya mlango, anamtazama dada, ananitazama mimi. Dada alicheka kidogo, akidhani sikumsikia vizuri.

"Kaka, si ulisema hakiponyi?"

Niliinama kutafuta kiatu cha pili.

"Uliona kwenye kioo."

"Kioo hakionyeshi hayo," nikasema. "Kinaonyesha ugonjwa upo. Basi."

Yule mama alielewa kwamba hapa pana kitu kisichomhusu, akaondoka upesi. Dada alibaki amekaa palepale mkekani. Nilimwona akihesabu kinyumenyume: siku ya nne, siku ya tatu, siku ya pili, siku ya kwanza, kopo juu ya rafu. Uso wake haukubadilika ghafla. Ulibadilika taratibu, sehemu moja baada ya nyingine, nami nilisimama na kiatu kimoja.

Mtoto wa jirani alipona. Siku ya tatu alikuwa uchochoroni anakula ndizi. Nilikwenda kwa dada, nikaketi chini mbele yake, nikamweleza. Nilimwambia mtoto mmoja kupona hakuthibitishi kitu. Wapo wanaopona bila dawa yoyote. Nilimwambia vimelea vya binti yake huenda vilikuwa vile ambavyo kidonge hakiviwezi, kwamba nimeviona kwa macho yangu vya namna hiyo Moroni, kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kujua, si mimi wala daktari, na kwamba asiyejua hana haki ya kujihukumu. Yote yalikuwa kweli. Tangu nishuke melini sikuwa nimesema maneno ya kweli kiasi kile, yamepimwa, hayakuzidi wala kupungua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mumewe, akamwambia meli ya kaka inaondoka kesho, amsaidie kufunga mkoba.

Baada ya hapo dada akawa mtu wa vidonge. Hospitali ya Mutsamudu waliniandikia. Alinunua kwa pesa zake, akapita nyumba hata nyumba, akampa kila mwenye homa, na mwenye kichwa, na mwenye jino. Aliwasimamia mpaka wameze. Na mtoto asipopata nafuu siku ya tatu aliwaambia mama zao waongeze, wasiende popote, kidonge kinaponya, yeye anajua. Baadhi ya watoto hao waliletwa hospitali wakiwa wamechelewa. Wakaniomba nije niseme naye, maana mimi ni kaka yake na ni mtu wa elimu.

Nilikwenda. Alinipokea vizuri, akanitandikia, akanipikia samaki wa nazi kama apikavyo mama. Nilisema naye kwa saa nzima, kwa utulivu, nikatoa mifano pande zote mbili. Alikuwa akiondoa miiba ya samaki na kuniwekea nyama upande wangu wa sahani. Nilipomaliza akaniambia nile kabla hakijapoa.

Dada yangu yu hai, Mungu amzidishie umri. Amenipikia miaka yote hii, ameniuguza nilipougua, amenishonea kofia za sikukuu. Swali hajaniuliza tena, hata la kama nimeshiba.